Masale Juu ya Ghorofa

Fimbo yake ilikuwa inafika kabla yake. Unaisikia kwenye ngazi, ko, ko, ko, halafu kikohozi, halafu ndiyo anatokea mwenyewe, Mwenye Nyumba, na koti la suti hata kama jua ni la saa nane. Ukisikia ko, ko, ko za harakaharaka, ujue kuna mtu atapigwa. Zikiwa za polepole, ujue keshapigwa.

Mimi nilikuwa nauza ndizi pale chini, kwenye baraza la ghorofa yake, mjini Moshi, njia ya kwenda Kiboriloni. Nimekaa pale mpaka wapangaji wakadhani nilijengwa pamoja na ukuta. Kusoma sijui, sikupelekwa. Ila sikio ninalo. Mtu akiongea mbele yangu leo, kesho namtoa kama alivyo, na mate yake. Yeye nilimweza kuliko wote. Unakaza koo, unavuta maneno kama mtu anaburuta debe juu ya zege: "Nani kamwaga maji ya sabuni kwenye mboga zangu. Atoke. Nahesabu mpaka tatu. Mbili." Moja alikuwa haitaji.

Hiyo ya maji ya sabuni ilitokea kweli. Kinyozi wa ghorofa ya pili alipanda juu kufua, akamwaga povu kwenye tuta la mnafu. Mwenye Nyumba alimshusha ngazi zote kwa mpira wa kumwagilia, anamchapa nao mgongoni, na maji bado yanatoka. Kinyozi akafika kwangu amelowa, ngozi imevimba mistari kama mkeka.

"Bibi, huyu mzee ni mgonjwa."

"Mgonjwa ni wewe," nikamwambia. "Yeye mbona anapumua vizuri."

Jioni ile ile mzee akashuka na fungu la mnafu, akaliweka mlangoni kwa kinyozi, akaondoka. Hakusema samahani. Hilo neno sikuwahi kulisikia kinywani mwake, na mimi ndiye niliyekuwa natunza maneno ya kila mtu pale.

Sasa nieleze pale juu. Ukiangalia kutoka barabarani unaona ghorofa tatu za zege kama nyingine zote. Ukipanda unakuta kihamba, lile shamba la nyumbani la kwetu. Kihamba kabisa, kama vya Marangu: migomba, magimbi, maharage, miche ya kahawa, na mfereji mdogo unatoka kwenye tenki unazunguka kila tuta. Na ukingo wote, pande nne, amepanda masale. Asiye wa kwetu nimwambie. Isale ni mmea wa majani marefu, ndio mpaka wetu. Ukiona masale yamejipanga, shamba la mtu limeishia hapo, usivuke. Na ndio msamaha wetu pia. Uliyemkosea ukimpelekea jani la isale, hana pa kukimbilia, lazima asamehe, hata kama ulimuulia. Na mtu aliyeshika isale hapigwi. Awe mwizi, awe nani, hapigwi.

Kihamba cha kweli Mwenye Nyumba alinyang'anywa. Huko Marangu aligombana na mdogo wake juu ya mpaka, masale yaking'olewa mchana yanarudishwa jioni, mpaka siku mdogo mtu akamchanja panga la kichwa. Kovu lilitoka utosini likaishia nyuma ya sikio, kofia haikulifunika lote. Akinywa mbege kidogo alikuwa analipapasa na kusema, "Kule nilikatwa. Hapa nakata mimi."

Basi akateremka mjini, akajenga, na alipofika juu hakuweka bati. Akapandisha udongo. Tena udongo wa mlimani, kwa magunia, migongoni kwa vibarua. Dereva mmoja akamletea wa tambarare akidhani mzee hajui. Mwenye Nyumba akachota kidogo, akauonja, akatema, halafu akampasua dereva pua kwa ngumi.

"Hili ni vumbi la barabara," akamwambia wakati yule anatafuta pa kujifutia. "Mimi nilikuagiza udongo."

Na mimi alinionjesha. Siku moja nawachekesha wateja kwa sauti yake, mbili, atoke, mbili, watu wanacheka, mara naona wanatazama nyuma yangu na kunyamaza mmoja mmoja. Sikuwa nimesikia ko, ko, ko. Fimbo alikuwa ameibeba begani. Alinipiga nayo mdomoni. Jino la mbele likatoka, nikaliona limelala juu ya kichana cha ndizi, jeupe, na mimi nadhani ni la mtu mwingine. Nikanyanyua mkungu wa ndizi mshare, nikamrushia, ukampata kifuani, akakaa kwenye ngazi kama mtoto aliyekatazwa sukari. Tulitazamana hivyo, mimi natema damu, yeye anatafuta pumzi.

Kesho yake akaja. "Ndizi za mtori."

Nikampimia. Bei nikampandishia. Akalipa bila kuuliza. Tukaishi hivyo miaka, na jino hatukulitaja. Ndiyo maana hata leo nikimwigiza nina pengo lake, sauti inatoka vizuri zaidi.

Halafu akaja dada wa mradi. Binti mwembamba, kofia ngumu nyeupe, sauti yake kama anaamsha mtoto wa jirani. Alikuwa anapita mjini anatazama mapaa. Akapanda, mimi nyuma yake, maana nilijua kitakachotokea na sikutaka nisimuliwe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, hili lako ndilo tunaita paa la kijani. Lina faida tatu."

"Faida ya kwanza," akasema Mwenye Nyumba, "ushuke."

Alikuwa na panga mkononi, anapunguza migomba. Dada akashuka. Nilimkuta barazani, nikampa ndizi mbivu, akala tatu, ndipo akanieleza mimi badala yake. Usiku wa siku ile sikuwa na haja ya kuelewa yote, sikio lilikuwa limebeba. Asubuhi nikampandia mzee, nikasimama mbali na panga, nikamtolea dada yule kama alivyo, na shingo nimeinamisha upande:

"Mzee, chumba kilicho chini ya paa kama hili kinakuwa na ubaridi, mpangaji hahami na feni haizunguki mchana kutwa. Zege halipasuki kwa jua. Mvua ikinyesha, udongo unaishika, haishuki yote barabarani kwa mpigo kufurika kwenye maduka ya watu. Kwa hiyo mji uko tayari kumpunguzia kodi ya jengo mwenye paa la hivi, na mradi unalipa nusu ya lile turubai zito la kuzuia maji chini ya udongo. Ila kuna masharti. Migomba itoke, mizizi yake itatoboa. Uzito upungue. Na ng'ombe ashuke."

Ndiyo, palikuwa na ng'ombe.

Sisi kihamba bila ng'ombe wa bandani hatukiiti kihamba, mbolea utaitoa wapi. Kwa hiyo alimpandisha akiwa ndama, kamweka shingoni, ngazi zote tatu. Kwamba ndama anakua, hilo hakulifikiria. Ng'ombe ukimsukuma ngazi anapanda. Kushuka, hapana. Anatazama chini anaona shimo. Na yule alikuwa amenenepa, amezibwa na banda, hana hata pa kugeukia. Na mzee alikuwa na sauti ya kuongea naye ambayo hakuwahi kumpa binadamu: "Kula, mama. Kula taratibu, hakuna anayekufukuza." Hiyo niliisikia mara moja tu nikiwa nimejificha kwenye ngazi. Sikuwahi kuiigiza mbele ya watu.

Walikuja vijana wanne na kamba kumshusha. Ng'ombe alimpiga mmoja teke la mbavu, tukazisikia zinalia. Mwenye Nyumba akawafukuza wote kwa fimbo, pamoja na yule wa mbavu. Kulipokucha akamchinja mwenyewe, peke yake, kule kule juu.

Damu ikashuka na bomba la maji ya mvua, ikatokea kwangu. Nzito, ina povu, ikapita katikati ya mafungu ya ndizi, ikaenda mtaroni. Sisi damu si kitu kigeni, tunaipikia supu ya kisusio, lakini si ya bombani. Mama mmoja aliyekuwa anampeleka mtoto chekechea akapiga yowe kwamba mzee ameua mtu. Polisi wawili wakaja mbio, mimi nyuma yao. Tukamkuta amekaa chini, mikono myekundu mpaka viwikoni, kichwa cha ng'ombe kiko mapajani mwake.

"Mzee," polisi mmoja akauliza, "ng'ombe alifikaje huku?"

"Kwa miguu yangu."

Nyama aligawa mlango kwa mlango. Kinyozi alipata mbavu. Yeye hakula hata kipande.

Migomba aliimaliza mchana mmoja. Anakata anavuja jasho, maji ya migomba yanamrukia usoni, kila pigo analitolea sauti kama kuna mtu anamkata. Turubai likatandikwa, udongo ukarudi mwembamba, zikabaki mboga na maharage na masale yake pande nne. "Meku," nikamwita, kama tunavyowaita wazee kwetu, "wewe hujawahi kumsikiliza mtu. Huyu binti umemsikilizaje?"

Akatoa karatasi kwenye koti. Ilikuwa ya punguzo la kodi, ina mhuri.

"Soma hapo."

"Unajua sisomi."

"Hapo pameandikwa jina langu, na hapo pameandikwa shamba la juu ni langu. Kihamba cha Marangu hakikuwa na karatasi. Ndiyo maana nilikatwa."

Karatasi ile alitembea nayo kuliko kitambulisho. Na aliyosema dada yakawa. Zamani vyumba vya juu walipanga waliokosa pengine, maji ya matuta yanapenya zege, unaingia mkavu unatoka umelowa. Baada ya lile turubai na mboga, watu wakaanza kuvipigania. Mshonaji na muuza dawa waligombea chumba kimoja, wakavutana nywele ngazi nzima, mshonaji akamng'ata mwenzake sikio mpaka likaning'inia. Mwenye Nyumba akashuka, ko, ko, ko, akawatenganisha kwa makofi, akampa chumba aliyeng'atwa, na kodi akaipandisha pale pale wakati bado damu inadondoka. Alipokea fedha bado mbichi kwa damu.

Aliyemshinda ni mwanawe. Mkubwa, anauza vipuri Kiboriloni, shati limechomekwa, anaongea puani kama ana mafua ya pesa: "Baba, kuna watu wa minara ya simu, wanataka paa tupu. Wanalipa kila mwezi. Mnara hauli mbolea. Mnara hauhitaji maji."

"Wewe uliyahitaji," mzee akamjibu. "Nikakunywesha."

"Sasa mboga zinaingiza nini, Baba? Punguzo la kodi? Hilo ni pesa ya karanga."

Fimbo ikamkuta shavuni. Mtu mzima, ana watoto watatu, na wapangaji wanatazama.

Basi akavizia Jumapili, mzee yuko kanisani. Akaja na vibarua na makoleo, wakaanza kuvitupa vitu chini. Kwangu ilinyesha udongo. Maharage, vitunguu, mawe ya mfereji, vyote vinaanguka barazani, masale yanakuja na mizizi yake yanapasuka kwenye lami. Nikapanda kuwazuia, magoti yenyewe haya. Nilikuwa kwenye ngazi ya mwisho aliponipita Mwenye Nyumba, kitabu cha nyimbo bado kwapani. Hakuwa na fimbo. Panga lilikuwa linakaa nyuma ya tenki, na alijua.

Vibarua walikimbia. Mwana alibaki, amechuchumaa ukingoni, ameshika shina la isale kwa mkono wa kulia analing'oa. Akageuka, akasema, "Baba." Panga likashuka. Vidole viwili vikabaki kwenye shina, cha mwisho na cha pete, vimelishika bado, na mkono ukaondoka.

Mimi ndiye niliyeufunga mkono ule kwa kanga yangu. Damu ilikuwa inaruka kwa mapigo, inanipiga usoni. Kijana hakulia. Mzee alisimama na panga, anatazama ile isale na vile vidole, na nikaona ameelewa. Alimkata mtu aliyeshika isale. Sema yule alikuwa anaing'oa, hakuwa anaomba msamaha. Sema unavyotaka. Aliishika. Habari ilifika Marangu kabla ya kijana kufika hospitali, na huko hospitali alisema amekatwa na mashine ya majani.

Kutoka siku ile ko, ko, ko ziliisha. Mzee hakumpiga mtu tena. Hakuongea na mtu tena pia, hata mimi alikuwa ananionyesha ndizi kwa kidole. Masale yaliyoanguka niliyaokota mtaroni. Isale haifi ovyo, unachomeka inashika. Nikayapandisha moja moja, nikayachomeka ukingoni, na nilipokuwa nachomeka nilikuwa namtukana kwa sauti yake mwenyewe ili ajue ni nani yuko juu. Dada wa mradi akaja akatazama, akasema mboga zikirudi punguzo litabaki. Nikazirudisha.

Halafu mzee akaanguka. Upande mmoja wa mwili ukakataa, mguu na mkono na nusu ya mdomo. Wakamhamishia chumba cha chini, hatua tano kutoka kwenye ndizi zangu, na ngazi zake hakuzipanda tena. Makaratasi ya nyumba yakawa kwa mwanawe. Mwana hakuja kumwona. Alituma ujumbe tu, kinyozi akatusomea: mafundi wa mnara wanakuja Jumatatu, paa lote lisafishwe.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Mzee alikaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, mate yanamtoka upande, koti la suti limefungwa vifungo na mtu mwingine. Akanyanyua mkono ulio mzima, akaniita.

"Panda. Nikatie isale." Maneno yalikuwa yamelegea, lakini debe lilikuwa bado linaburutwa. "Mawili."

Nikajua mawili ni kwa vidole viwili. Nikapanda. Njia nzima naongea peke yangu, nasema leo ndiyo leo, mbabe anaomba msamaha kwa hesabu. Nikakata majani mawili mazuri, marefu, kwenye yale niliyoyaokota mtaroni. Nikashuka, nikampa.

Akayaweka mapajani. Moja akalikunja kwa vidole vya mkono mmoja, likamsumbua, akalishika kwa meno, akalifunga fundo kama inavyotakiwa. Akaniambia, "Hilo mpelekee." La pili akalifunga hivyo hivyo, polepole, mpaka nikataka kumsaidia. Halafu akaninyooshea.

"Hili nalo nimpe?"

"Hilo lako."

"La nini?"

Akanitazama mdomoni.

Nilikuwa na sauti ya kila mtu wa ghorofa ile, nina ya kinyozi, nina ya dada, nina ya polisi, ya kwangu nikaitafuta sikuiona. Isale haikataliwi. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikalichomeka kwenye kilemba, nikachukua bajaji kwenda Kiboriloni.

Mwanawe alikuwa nyuma ya meza ya vipuri. Aliona jani kabla ya kuniona mimi.

"Bibi, hayo mambo ya zamani."

"Basi likatae."

"Na nikikataa?"

"Sijawahi kumwona aliyekataa. Nisimulie wewe."

Akafutafuta meza. Akasema mnara unalipa kila mwezi, akasema ameshaongea na watu, akasema vidole havirudi. Nikamwachia aseme. Jani limekaa katikati yetu juu ya mikanda ya feni. Mwishowe akalichukua, akalitia mfuko wa shati, akageuka kupanga makopo ya oili yaliyokuwa yamepangwa.

"Lile punguzo la kodi," akasema kwa puani, amenipa mgongo, "ukilipigia hesabu na vyumba vya juu, si baya. Nitawaambia watu wa mnara watafute kwingine."

Nikarudi. Mzee alikuwa mahali pale pale, hajaingizwa ndani. Nikamtolea yote, mambo ya zamani, vidole havirudi, makopo ya oili, punguzo si baya, na pua nimeibana. Hakucheka. Alisubiri nimalize.

"Alilipokea kwa mkono gani?"

"Ule ulioukata."

Akafumba macho. Kifua kikapanda, kikashuka, nikadhani ndiyo basi, nikamshika bega. Akaliondoa bega lake mkononi mwangu, na fimbo aliyokuwa ameilaza miguuni akaisukuma kwa kisigino, ikagonga sakafu.

"Sasa unakaa unanitazama nini," akasema. "Jua lote hili. Panda ukamwagilie."

Nikapanda.